Dalali Aliyetaka Mwezi Uliojaa

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kusema, pale soko la mahindi Kibaigwa, kwamba Erica amepigwa kwenye biashara. Hiyo ndiyo mali yake. Dalali hana ghala wala lori; ana jicho, na watu wanaoliamini jicho hilo. Kwa hiyo habari zilipofika kwamba Erica amekwenda Chamwino kununua kabati kwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa, akarudi na darubini ya kutazamia mwezi, wapakizi walitua magunia chini ili wacheke vizuri.

Kabati, kwa kweli, lilikuwa na mchwa. Darubini nayo ilikuwa na miguu miwili badala ya mitatu, na huo mguu usiokuwepo Erica aliutumia kushusha bei mpaka yule mtumishi, ambaye gari lake la mizigo lilikuwa linanguruma mlangoni, akasema, "Chukua, mama. Chukua uende." Erica akaondoka kifua mbele. Alichosahau kujiuliza ni nani huko Kibaigwa atakayeinunua.

"Umeuziwa bomba," dalali mwenzake, Sostenes, alimwambia mbele za watu. "Na bomba lenyewe halipitishi maji."

"Litapitisha mwezi. Nitakuletea picha yake uione."

Maneno hayo yalimtoka Erica wakati Shamimu yuko pale pale anasikia. Shamimu ni mnunuzi wa Dar mwenye malori mawili, na kwa miaka sita hakuwa amepakia gunia ambalo Erica hajalikagua. Hakucheka. Siku ile ile kazi ya lori moja akampa Sostenes. Erica akaelewa kwamba picha ile sasa ndiyo imeshikilia lile lori lililobaki.

Nyumbani, mpini wa jembe ukawa mguu wa tatu wa darubini. Kamera hakuwa nayo, ila simu anayo. Kazi ikawa kuibana simu isicheze pale pa kuchungulia. Alichukua kandambili, akaitoboa tundu, akaifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Gharama yote ilikuwa kandambili moja ya mumewe, Damas, ya kushoto.

"Sasa bafuni niende na mguu gani?" Damas aliuliza.

"Ulio na kiatu."

Jioni ile mwezi ulikuwa nusu, umetulia juu ya bati la jirani. Damas akauonyesha kwa kidole. "Si ule pale, Mama Noeli? Piga tumalize."

"Ule ni nusu."

"Kwani nusu si mwezi?"

"Baba Noeli, mimi sijawahi kumpelekea mtu gunia nusu. Nikipeleka mwezi nusu, Sostenes atasema na darubini nayo ni nusu. Nasubiri ujae."

Akasubiri juma zima. Mwezi ukajaa, ukapanda mwekundu kwa vumbi, kisha ukawa mweupe, na Erica akapiga picha arobaini na moja. Iliyo bora kuliko zote aliituma kwenye kundi la madalali. Ilikuwa duara jeupe, basi.

"Hiyo ni taa ya choo?" Sostenes aliandika.

"Sahani ya ugali," mwingine akajibu. "Mboga inakuja."

Erica alilaumu simu, akalaumu upepo, akalaumu kandambili. Siku ya tano Shamimu akapiga. "Dada Erica, Alhamisi nakuja. Niambie mapema, malori yote mawili nimpe Sostenes?"

"Njoo kwanza," alisema Erica, na sauti ile haikuwa ya mtu mwenye picha.

Jumanne asubuhi, jua likiwa ndio kwanza linachomoza, alikuwa uani anakagua mahindi juu ya turubai. Alifanya anavyofanya siku zote: akateka kiganja kimoja, akakigeuza ili jua liyapige mahindi kwa ubavu. Saa sita mchana, jua la utosini, mahindi yote ni mazuri. Mwanga wa ubavuni ndio unaotia kivuli ndani ya tundu, na ukaona mdudu dumuzi amepita wapi. Akainua macho. Juu, umepauka, mwezi nusu ulikuwa bado upo, nao jua linaupiga kwa ubavu.

"Mimi ni mpumbavu," alisema kwa sauti.

"Tangu lini?" Damas aliuliza kutoka ndani, kwa hamu.

Kesho yake alfajiri, kabla anga halijapauka, alipiga picha sita tu.

Alhamisi Shamimu alipokea simu ya Erica mkononi, akaivuta picha kwa vidole viwili. Kwenye mpaka wa mwanga na giza mashimo yalijipanga, kila moja na kivuli chake.

"Na ule mweupe uliotuma kwenye kundi?"

"Ni huu huu. Niliutazama saa mbaya."

"Kwa hiyo umekosea."

"Nimekosea juma moja. Sostenes hajui kama amekosea mpaka leo."

Shamimu akarudisha simu. "Kagua yote mawili."

Wakati huo mzee Matonya alikuwa amesimamisha mkokoteni wake wa punda pembeni, na magunia sita ya kumpa Erica amuuzie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu na mimi nione." Akaona. "Matundu haya ya mwezini umeyaonea wapi?"

"Uani kwangu."

"Hapa hapa Kibaigwa?"

"Hapa hapa."

Mzee akashika kamba za punda. "Basi haya yangu acha nimpelekee Sostenes."

Erica hakumzuia. Kwa kukadiria tu, bila kutoboa hata gunia moja, aliona mawili mazima na manne ya dumuzi.