Mjamzito Niliyemnyima Kizibo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sufuria na jiko la mafuta ya taa. Sista mkuu wa hospitali ya Voi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alinionyesha koleo za kung'olea meno zilizopangwa juu ya kitambaa.

"Hizi zichemke dakika ishirini. Usikisie. Tazama saa."

Nikamwambia saa siwezi kuisoma vizuri.

"Basi utajifunza leo."

Nilijifunza. Shule yangu iliishia darasa la tatu kule Mbololo, na uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nimeandikwa mfagiaji, lakini chumba cha meno kilikosa mtu, nikasukumwa huko. Nilikaa zaidi ya miaka ishirini.

Daktari wa meno hakuwa na makao Voi. Alitoka Mombasa kwa gari moshi mara moja kwa mwezi, akafanya kazi siku moja, kesho yake akaondoka. Watu walijaa mlangoni kutoka Kaloleni pale mjini mpaka vilimani, kila mmoja ameshika shavu. Ili wasisukumane nilipewa vizibo vya soda ishirini, vimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Mwenye kizibo anaingia. Asiye nacho anangoja mwezi ujao. Mgawaji ni mimi. Msidhani ni kitu kidogo. Hata mwalimu mkuu alinisalimia kwa adabu siku hiyo, na siku nyingine hanioni.

Wakati ule mwenye mimba hakukaa kwenye kiti cha kung'olea meno. Haikuandikwa popote. Mama mkwe wangu alisema damu ya jino na damu ya mimba ni moja, ukiifungulia juu itatoka chini. Fizi zikitoa damu, mjamzito aliacha mswaki hadi ajifungue. Jino likianguka, walisema mtoto amelichukua. Mimi nilizaa wanne nikapoteza meno matatu, na sikulalamika. Niliona ndivyo wanawake walivyo.

Ndipo akaja Mshai.

Alitoka Makwasinyi, nyuma ya mlima Kasigau, juu ya magunia ya lori. Mimba ya kwanza. Leso ameifunga kidevuni mpaka utosini.

"Shikamoo mama. Nimekuja jino."

"Marahaba. Una miezi mingapi?"

"Mitano."

"Rudi nyumbani. Ukishajifungua uje."

"Mama, silali. Natafuna upande mmoja tu, na huo nao ufizi umevimba. Nikigusa ni damu."

"Unapiga mswaki?"

"Niliacha. Mkwe alinikataza."

"Alifanya vizuri."

Mzee mmoja nyuma yake akasema, "Binti, kliniki ya wajawazito ni mlango ule wa pili. Hapa tunang'oa, hatuzalishi." Watu wakacheka. Mshai hakucheka. Aliendelea kusimama akiangalia mfuko wa aproni yangu. Humo vilibaki vizibo vitano. Nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, nikamwita mzee.

Mwezi uliofuata Mshai alirudi akiwa ameegemea bega la mumewe. Shavu lilivimba mpaka jicho likafunga, na homa ilimtetemesha. Daktari alipomwona aliwaacha wote akamwingiza. Mume akabaki nje. Nilishika beseni. Lilikuwa jipu, usaha uliojichimbia kwenye mzizi wa jino. Daktari alipiga sindano ya ganzi, ile inayoua maumivu mahali pamoja tu, akapasua, akang'oa. Harufu ile bado ninaijua.

Alipomaliza akamuuliza, "Uvimbe huu si wa juzi. Mwezi uliopita nilikuwa papa hapa. Mbona hukuja?"

Mshai alinitazama juu ya beseni. Kisha akasema kwa mdomo uliokufa ganzi, "Nilikosa gari, daktari."

Daktari aligeuka kunawa huku akizungumza nami, maana alipenda kufundisha. "Mama, sikiliza. Mwanamke akiwa na mimba, ufizi hulainika na kuvimba upesi. Ule ukoga unaokaa kati ya jino na ufizi ndio unaouchokoza, ukatoa damu. Akiacha mswaki ukoga unazidi, damu inazidi. Asiache. Apige taratibu, kwa mswaki laini au kijiti kilichotafunwa vizuri. Akitapika asubuhi, asukutue kwa maji kwanza, mswaki baadaye. Na jino bovu halingoji ajifungue. Miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi ya kulitibu."

"Na mtoto halichukui jino?"

"Mtoto hana haja na jino la mamake. Uchafu ndio unaolichukua."

Nikafikiria meno yangu matatu.

Mshai alilazwa kwa sababu ya homa, na hakuna aliyejua kama mimba ingebaki. Kila asubuhi sista mkuu aliweka kibomba cha mbao juu ya tumbo lake, akainama kusikiliza moyo wa mtoto. Nami nilifagia ukumbi ule ule uliokwisha kufagiwa, nikimngoja atoke niuone uso wake. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili vilevile. Ya tatu akanipita akasema, "Yupo. Anacheza. Sasa nenda ukafagie kwingine."

Siku ya kuondoka nilimfungia Mshai mzigo wake. Nikamuuliza kwa nini alisema gari. Nilitaka aseme amenisamehe, nadhani.

"Nina meno mengine mawili mabovu, mama," akasema. "Ningekutaja wewe, mwezi ujao nani angenipa kizibo?"

Nikampa kizibo namba moja pale pale. Alikipokea kwa mikono miwili. Mtoto alizaliwa salama, msichana, na mama yake alikuja naye mgongoni kuziba jino la mwisho.

Tangu hapo vizibo vitano vya kwanza vilikuwa vya wajawazito, apende asipende mzee wa nyuma. Siku za kliniki nilipita kwenye benchi lao nikisema fungua mdomo, mpaka likawa jina langu. Miaka ya mwisho nilihamishiwa zahanati ya upande wa Kasigau. Dresa aliyeiongoza, ndiye tabibu wetu wa kila kitu, alinikemea. "Mama Fungua Mdomo, wewe ni wa meno au wa uzazi?" Nikamjibu kwamba mimi ni wa kufagia, lakini huyu hapa fizi zinavuja, mwandikie aende Voi. Aliandika. Wengine walienda. Wengi hawakwenda, mkwe alikataza. Nilichoka kusema neno lile lile kwa mabinti, kisha kwa mabinti wao.

Nilipostaafu waliniita Voi wakanipa blanketi na chupa ya chai. Metroni, bosi wa wauguzi wakati huo, alisimama akasema mama huyu alishika mlango miaka yote hii na hakuwahi kumrudisha mgonjwa hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Nilikunja blanketi nikakaa. Miguu iliuma, na sikutaka kuwaharibia chai.

Sasa nawaambia ninyi mnaoshika milango leo. Nilimrudisha mmoja, na vizibo vitano vilikuwa mfukoni.