Rejeta Ndogo ya Gari la Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana hata moja. Foremani wa gereji, Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe zilizofungwa kwa wavu, alinipa kopo la maziwa ya unga lililojaa skrubu, akaniambia nizitenganishe. Nilikuwa nimefika Eldoret kutoka Kisii juzi yake, cheti cha ufundi kimekunjwa mara nne mfukoni, na niliona nimedharauliwa. Nikazipanga kwa ukubwa, nikakaa nikisubiri sifa. Foremani alitazama, akazimwaga zote sakafuni.

"Wewe nasoma shule, lakini skrubu hapana jua," akasema. "Kila skrubu iko na nyumba yake. Kama gari nafunga, halafu skrubu moja nabaki kwa kopo, hiyo gari iko mgonjwa bado. Nasikia?"

Nilimwambia nasikia. Chini ya mzee yule nilikaa miaka minane, na kopo ndilo lililokuwa shule yangu. Kila sehemu ya gari unayoifungua ina kopo lake, limeandikwa kwa chaki, na makopo yanapangwa kwa mstari kadiri unavyofungua, ili wakati wa kufunga urudi kinyumenyume. Nyinyi vijana mnapiga picha kwa simu. Sawa, lakini simu huisha chaji.

Kutoka hapo nilienda Kitale, karakana ya kampuni ya kusafirisha mahindi. Bosi wetu alikuwa Msimamizi wa Karakana, mtu mwepesi wa miguu na wa hasira, ambaye hakupenda kuona lori limesimama. Ndiye aliyenifundisha kupiga baipasi. Wacha niwaeleze kitu hicho vizuri, kwa maana hadithi yangu yote imekaa hapo.

Injini ya gari hupozwa kwa maji. Maji hayo yakishapata moto, sehemu yake hupita kwa paipu mbili hadi nyuma ya dashibodi, ambako kuna rejeta ndogo, kiasi cha kitabu cha nyimbo cha kanisani. Feni hupuliza hewa katikati ya ile rejeta, hewa ikapata joto, ikapasha miguu yenu na, msisahau hili, ikakausha kioo cha mbele. Hiyo ndiyo hita. Ikitoboka, maji humwagikia zulia, na kuifikia ni lazima ung'oe dashibodi nzima. Sasa baipasi ni kuzichomoa paipu zile mbili upande wa injini na kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe, maji yarudi yalikotoka bila kuingia ndani. Kazi ya siku tatu inakuwa ya dakika ishirini.

"Hita ni ya Wazungu," Msimamizi alikuwa akisema. "Hii ni Afrika bwana. Joto iko ya kutosha. Piga baipasi, lori iende!"

Na sisi tulimwamini! Tuliamka na sweta mbili na kofia ya sufu, pumzi ikitoka mdomoni kama moshi, kisha tukasema hita ni ya Wazungu. Nadhani hakuna fundi wa nyanda hizi za juu ambaye hajalisema neno hilo akiwa anatetemeka.

Niliporudi Eldoret nilikuwa na mke, watoto watatu, na kibanda changu cha mabati pale Huruma, hatua chache kutoka vyumba tulivyokodi. Mteja wangu wa kudumu alikuwa Mwalimu Kirwa wa Sugoi, mwalimu mkuu mstaafu. Alikuwa na gari la zamani la Kifaransa, refu nyuma, lenye viti vya safu tatu, alilolinunua ujanani na ambalo hakuruhusu mtu mwingine kulishika ila mimi. Mwaka ule wa uchaguzi wa elfu mbili na saba, kampeni zikiwa zimepamba moto, aliniletea malalamiko mapya.

"Fundi, hii gari inakojoa ndani."

"Kwa miguu ya nani, Mwalimu?"

"Ya Mama Jebet. Ameniambia nichague, yeye ama gari."

"Na umechagua?"

"Si ndiyo nimeileta!"

Niliinua zulia upande wa abiria, nikachovya kidole, nikanusa. Ulikuwa utamu ule wa maji ya kijani ya rejeta. Hita ilikuwa imetoboka. Nilijua dawa yake, na nilijua pia kwamba nina magari matano yananisubiri. Nikamwambia Mwalimu kwamba dashibodi ya zamani ikiguswa hupasuka, jambo ambalo ni kweli nusu, na kwamba baipasi ingemtosha. "Hita ni ya nini? Hii ni Afrika." Nilisikia mdomo wangu ukisema maneno ya Msimamizi neno kwa neno. Mwalimu alicheka, akakubali, na baada ya nusu saa akaenda zake na zulia kavu.

Yaliyotokea matokeo yalipotangazwa mnayajua, na wengine wenu mliyaona. Mimi nitasema yangu tu. Jirani tuliyekuwa tukiombana chumvi aliacha kunijibu salamu. Kibanda changu kilichomwa pamoja na vya mstari ule wote, makopo, spana, kila kitu. Tulijifungia chumbani siku mbili, watu watano, tukinong'ona. Nilikuwa mtu wa Kisii mahali ambapo siku hizo haikufaa kuwa mtu wa Kisii, na niliogopa. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa.

Jioni ya siku ya pili simu ikalia. Alikuwa Mwalimu. "Fundi, mko hai? Kesho alfajiri mkisikia gari, tokeni. Msibebe mizigo."

Alfajiri tuliisikia. Ule mngurumo nilikuwa nimeurekebisha mwenyewe mara nyingi sana, ningeutambua hata usingizini. Mwalimu alikuwa ametoka Sugoi, akapita Turbo, na vizuizi vyote njiani vijana walimfungulia kwa sababu nusu yao aliwafundisha kusoma. Mpango wake ulikuwa rahisi: uso wake ndio pasi yetu. Wangemwona kwenye kioo, wangepisha, naye atufikishe kituo cha polisi mjini, ambako watu walikuwa wamekimbilia.

Mke wangu Kemunto na watoto walilala kwenye safu ya nyuma chini ya blanketi. Mimi nikajikunja kati ya viti. Madirisha yote yalifungwa. Hapo ndipo jambo likaanza ambalo sikulitarajia, mimi fundi mwenye cheti. Asubuhi ya Januari ilikuwa baridi, ndani tulikuwa watu sita tunaohema kwa hofu, na kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe. Mwalimu akafuta kwa kofia. Kikawa cheupe tena. Akafuta, kikarudi.

"Baba Moraa," Kemunto alininong'oneza kutoka chini ya blanketi, "si hii gari iko na hita? Si muwashe?"

Mwalimu aliendelea kufuta, na mimi niliuma blanketi.

Kabla ya kuingia mjini kulikuwa na kizuizi cha mkaratusi ulioangushwa. Tulisikia kelele: "Simama! Nani huyo? Toa uso!" Mwalimu alifunga breki na kufuta kwa nguvu, lakini kutoka nje gari lilikuwa kama limefunikwa shuka. Hawakuona mwalimu wao. Waliona gari lenye kujificha. Jiwe la kwanza likapiga taa, la pili likapiga nguzo ya mlango, karibu sana na kichwa chake. Mtoto wangu mdogo akaanza kulia.

Mwalimu akateremsha dirisha, akatoa kichwa na mabega nje mbele ya mawe yale. "Kipsang! Weka hilo jiwe chini! Ni mimi!"

Mawe yakakoma. Kisha sauti ya kijana ikatoka, imenywea kabisa: "Aai! Ni Mwalimu? Pole, Mwalimu. Hatukukuona."

"Sasa umeniona. Ondoeni huu mti."

"Na hao ndani ni akina nani?"

"Ni watu wangu. Nimesema mti."

Uliondolewa. Tulifika kituoni salama, na niliposhuka nilikaa chini vumbini nikimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya watu wote. Mwalimu alitupatia mkono mmoja mmoja, hata watoto. Juu ya kioo hakusema lolote. Ilikuwa afadhali angenitukana.

Tulirudishwa Kisii kwa lori, na huko nyumbani nilikaa miezi nikilima shamba la kaka yangu. Usiku nililala vizuri, namshukuru Mungu, lakini mchana jembe likiwa mkononi nililisikia neno la yule kijana: hatukukuona. Mtu aliyenipa uso wake kuwa ngao, mimi ndiye niliyekuwa nimemfunika. Kisha siku moja, nyuma ya duka la vyuma, nikaona gari la aina ile ile limeoza kwenye nyasi. Niliomba ruhusa, nikang'oa dashibodi kwa bisibisi ya kuazima, nikaitoa rejeta yake ndogo. Nikaziba tundu moja, tundu la pili nikaunganisha pampu ya baiskeli, nikaitosa kwenye beseni la maji. Nilipopiga pampu, povu halikutoka hata kidogo. Ilikuwa nzima. Niliiosha, nikaifunga kwa sweta, nikaitia kwenye mfuko.

Viongozi walikuwa wameshapeana mikono, na mwezi wa saba nikapanda gari kwenda Eldoret. Kemunto alilia, akasema rejeta inaweza kutumwa kama kifurushi. Nikamwambia kifurushi hakiwezi kufungua dashibodi. Njia yote kutoka Turbo hadi Sugoi nilishika ule mfuko kifuani. Sikujua kama nitapokewa au nitatazamwa kama mgeni wa balaa.

Mama Jebet ndiye aliyeniona kwanza pale langoni. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaita, "Mwalimu! Toka nje! Fundi amerudi!" Kisha akanipa maziwa ya mtungi kabla hata sijaketi. Nilikunywa nikiwa nimeinamisha uso, maana machozi yalikuwa karibu.

Nilipomaliza nilisema nililokuja nalo. "Mwalimu, siku ile ni mimi nilikufunga macho. Nilipiga baipasi kwa uvivu."

Mwalimu alikuna kidevu. "Na mimi nilikubali kwa sababu nilitaka kuwahi mkutano wa kampeni," akasema. "Haya. Tutaadhibiwa wote wawili. Unataka makopo mangapi?"

Kazi ilichukua siku tatu pale uani. Nilimwaga maji ya rejeta, nikatoa usukani, saa za dashibodi, redio, waya za hita, na kila sehemu na kopo lake: ya majani chai, ya mafuta ya kupikia, yote Mama Jebet aliyatoa jikoni. Majirani walisimama kwenye ua wakitazama, na siku ya kwanza niliinua kichwa kila mmoja wao alipokohoa. Siku ya pili mmoja wao akaingia. Sura sikuijua, ila sauti niliijua alipofungua mdomo.

"Fundi, hiyo dashibodi ni nzito. Shika huko, nishike huku."

Alikuwa Kipsang. Tuliiinua pamoja, tukaiweka juu ya blanketi. Rejeta ya zamani ilitoka imeoza pembeni, nikaingiza ile ya Kisii, nikaizungushia vipande vya godoro ili hewa isipite kando.

Siku ya tatu nilifunga kila kitu, nikageuka kutazama makopo. Moja lilikuwa na skrubu moja.

"Wacha," Mwalimu akasema. "Gari inawaka, dashibodi imekaa. Skrubu moja ni nini?"

"Hapana, Mwalimu. Hii iko na nyumba yake."

Nikafungua nusu ya kazi upya. Nyumba yake niliipata ndani kabisa: ilishika bomba la plastiki linalopeleka hewa ya moto kwenye kioo cha mbele. Bomba lilikuwa limechomoka. Ningefunga hivyo, hita ingepasha magoti ya Mama Jebet na kioo kingebaki vilevile. Nilirudisha bomba, nikaikaza ile skrubu nyumbani kwake, nikimkumbuka Kalasinga.

Asubuhi iliyofuata ilinyesha mvua ya baridi kama inavyonyesha huku Julai. Mwalimu, Mama Jebet, Kipsang na majirani wawili waliingia garini, wakafunga madirisha. Niliwaambia waimbe, ili wapumue sana. Nikasimama nje mvuani, mbele ya gari. Kioo kikawa cheupe kabisa, nikawa nasikia wimbo tu. Nikapiga boneti kwa kiganja, ishara ya kuwasha.

Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha chini ya kioo pakatokea mstari mweusi, ukapanda polepole. Nikaona vidole vya Mwalimu kwenye usukani. Nikaona tai yake. Nikaona kidevu, mdomo unaoimba, na mwisho macho yakinitazama. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Januari.

"Nakuona, Mwalimu!" nilipaza sauti. "Nakuona kabisa!"

Nilihamia Eldoret tena na familia, nikafanya kazi hadi macho yalipokataa kusoma namba za spana. Sikupiga baipasi nyingine. Wateja waliniita mkaidi na wengine wakanihama, nikawaacha waende. Mwalimu amezeeka, siku hizi gari linaendeshwa na Jebet, bintiye, lakini wakipita Jumapili kwenda kanisani yeye huketi mbele na kuninyoshea mkono, na hata kukiwa na ukungu barabara nzima mimi humwona vizuri. Makopo ninayo bado, yamepangwa ukutani kwa mstari. Yote ni matupu.