Mangaribi ya Kuku

Kwetu Kolwezi, mangaribi haina saa. Inaanza jua linapoinamia kilima cha udongo wa mgodi, na inaisha kila mtu anapotaka iishe. Muuza mboga anakwambia atakuja mangaribi, anafika umeshapika kitu kingine, na hakuna anayemkasirikia. Kwa mama, mangaribi ni kumwagia uwanja maji ili vumbi la malori litulie. Kwa wachimbaji wanaopita na baiskeli zao, ni bia ya kwanza. Baba yangu tu, karani mstaafu asiye na mzaha, ndiye aliyeiwekea mpaka: mangaribi inaisha kuku wa mwisho anapoingia bandani. Baada ya hapo ni usiku, na usiku hatuongei habari za posa.

Hakuwa anatania. Watu waliokuja kumposa dada yangu mkubwa walifika kuku wamelala. Baba akawapa maji ya kunywa, akawaambia warudi siku nyingine. Hawakurudi.

Sasa zamu ilikuwa yangu. Wajomba wa mchumba wangu walikuwa wanatoka Kasaji kwa pikipiki, wameahidi kufika mangaribi. Jua likainama. Simu zao hazipatikani. Mimi nimevaa kitenge kipya, na kuku wa kwanza, yule mnafiki mzee, akaanza kuelekea bandani kama mtu aliyehongwa.

"Umurudishe!" dada akaninong'oneza, naye ameshavua viatu.

Tukamrudisha. Akaingia mwingine. Tulipomtoa huyo, wakaingia wawili. Mama akamwaga mahindi mwisho wa uwanja, akijifanya ni kawaida kulisha kuku giza likiingia. Nilicheka mpaka nikakaa chini na kitenge changu kipya. Kuku wenyewe walikuwa hawaoni tena, wanatugonga miguuni, wametuchoka kabisa.

"Munafanya nini kule?" baba akauliza kutoka barazani, redio sikioni.

"Tunacheza na kuku, tata," akajibu dada, mtu mzima na miaka yake.

Lakini mmoja mmoja walituponyoka. Uwanja ukabaki mtupu, na kicheko kikanikauka. Baba akazima redio, akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba kwenda kufunga banda. Nilitamani kumvuta koti. Dada alinishika mkono.

Ndipo taa za pikipiki zikaingia langoni. Wajomba walikuwa wekundu kwa vumbi kuanzia kichwani hadi viatuni. Gurudumu lilikuwa limetoboka njiani. Mkubwa wao akavua kofia mbele ya mama.

"Mutusamehe, mama. Tulisema mangaribi, tunafika busiku."

"Busiku gani?"

Ilikuwa sauti ya baba. Akatokea nyuma ya nyumba, koti lake la heshima limejaa manyoya, amekumbatia kuku anayelalamika kwa nguvu zake zote.

"Uyu bado hayaingia. Karibuni, ba tata. Mangaribi haiyaisha."

Nilipiga kigelegele mbele ya wakwe zangu, bila aibu. Baba hakunitazama. Alikuwa anamtazama dada. Akamwendea, akamkabidhi yule kuku mikononi, na sauti yake ikawa ndogo.

"Usimuweke chini," akamwambia, "mpaka bamalize kusema."

Dada alimshika mpaka neno la mwisho la posa, akicheka na kulia, na hakumweka chini.