Siku Mama Mkwe Aliponichagulia Simu

Chumba changu cha kushonea kiko Tunduma, mahali ambapo ukirusha jiwe kwa nguvu kidogo linaangukia Zambia. Mimi sijawahi kuhama nchi, lakini simu yangu ilikuwa ikihama kila siku. Asubuhi naiweka juu ya meza ya cherehani ikiwa Mtanzania mwenzangu. Ikifika saa nne inaniletea ujumbe wa kunikaribisha nchi jirani na kunitakia safari njema. Safari ipi? Nimekaa palepale, mguu kwenye pedali, napinda sketi ya shule.

Ningecheka tu kama ungekuwa ujumbe peke yake. Tatizo ni kwamba ikishahamia huko, wateja wakinipigia wanaambiwa sipatikani, na mimi nikipiga, salio linayeyuka kabla sijamaliza salamu. Kuna kamati ya harusi kutoka Nanyala ilinitafuta siku nzima inipe kazi ya sare za akina mama. Waliponikosa wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Habari hizo nilizipata kwa fundi mwenyewe, aliyekuja kuazima mkasi wangu ili akatie vitenge vyao. Nilimpa. Nilimpa ule butu.

Jioni ile nikatangaza nyumbani kwamba nahama mtandao, namba nabaki nayo. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kushughulikia makaratasi ya malori pale mpakani, akasema bila kuinua macho kwenye simu yake nzuri, "Fikiria kwanza."

Mama yake alikuwa ametoka Hasamba kuja kututembelea, kahawa imeshavunwa na yeye hana haraka ya kurudi. Akajibu kwa niaba yangu. "Ameshafikiria. Kesho nitamsindikiza."

Niseme kidogo kuhusu mama mkwe. Mbele za watu tunaheshimiana mpaka wanatusifia: namsalimia kwa kupiga goti, namshikia mkoba, naye ananiita mwanangu kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani. Tukibaki wawili ni mtundu kuliko watoto wangu wote. Anaiga kikohozi cha mzee wa kanisa. Anauliza maswali ambayo anajua hayana jibu, halafu anasubiri jibu.

Kesho yake tukaenda kwa wakala wa mtandao mpya, dada mmoja aliyekaa chini ya mwavuli na meza yake ndogo. Akachukua kitambulisho changu, akanisogezea kimashine cha alama za vidole.

"Weka kidole, dada."

Nikaweka. Kimashine kikakataa. Nikafuta mkono kwenye kitenge, nikaweka tena. Kikakataa. Sindano na pasi ya mkaa kwa miaka yote ile vilikuwa vimenifuta alama zote. Vidole vyangu ni laini kama vijiko. Tukaenda kidole baada ya kidole, foleni nyuma yetu ikianza kunung'unika.

Mama akajisogeza. "Jaribu changu, binti. Changu bado kina mistari."

"Mama, huwezi kumsajilia mtu kwa kidole chako."

"Nani atajua?"

"Mashine itajua."

Mama akakitazama kile kimashine kwa heshima, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Kilichoniokoa ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho sikitumii kwa lolote. Tukaambiwa tusubiri, tukaenda kunywa chai na maandazi, na tuliporudi laini mpya ilikuwa tayari. Wakala akaipachika kwenye simu yangu. Simu ikawaka, ikafikiri, halafu ikaandika kwamba haiitambui laini hiyo na inataka namba za siri ili ifunguke.

Wakala akaigeuza nyuma na mbele. "Hii uliinunua kwenye promosheni ya kampuni ile?"

"Ndiyo."

"Basi waliifunga. Inapokea laini zao tu."

"Kwa hiyo mimi nimehama, simu imekataa kuhama?"

"Ndiyo hivyo, dada."

Alisema wapo mafundi wanaoweza kuifungua, ila wengine wakifungua haiwaki tena. Nikaitazama simu yangu. Kioo kilikuwa kimeshikiliwa na selotepu, na kona moja ilikuwa imeyeyuka tangu siku nilipoiegeshea pasi nikidhani ni kibao cha kuwekea pasi.

"Unaionea huruma?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi tukatafute inayoweza kuishi na wewe."

Duka tuliloingia lilikuwa na kioo mbele na taa nyingi ndani. Muuzaji alikuwa mwanaume wa makamo, miwani kaipandisha kichwani, tumbo limeegemea kaunta. Alimwona mama na kitenge chake kizuri akadhani ni mteja wa kutoka Zambia, akamsalimia kwa Kibemba.

"Mulishani, bamayo!"

"Mimi natoka Hasamba," mama akasema. "Nisalimie tu shikamoo."

Akamwamkia. Tangu hapo alikuwa ameshapungukiwa nguvu, ingawa yeye hakujua.

Nikamweleza ninachotaka: simu imara, betri ikae, bei ya fundi cherehani. Nikamweleza pia kwamba cherehani ikikimbia meza inatetemeka, na simu zangu hutembea zenyewe mpaka ukingoni zikajirusha. Akatikisa kichwa kama daktari, akatuwekea mbele simu tatu. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa, nyuma ina macho manne ya kamera.

Mama akaichukua, akaipima uzito kiganjani, akaisogeza sikioni na kuitikisa.

"Mama, unafanya nini?" muuzaji akauliza.

"Nasikiliza. Yai likiwa viza linacheza ndani."

"Simu haina kitu cha kucheza ndani."

"Basi hii ni nzima. Ikianguka je?"

"Hii? Hii ni chuma, mama. Hata mimi mwenyewe natumia hiihii."

Mama akairudisha kwenye kaunta. Akaniomba nimshikie mkoba, akatoa kitochi chake, kisimu kidogo cha vitufe, akarudi hadi mlangoni ambako namba ya duka ilikuwa imechorwa ukutani kwa rangi nyekundu. Nikajifanya nasoma boksi. Alibonyeza tarakimu mojamoja, polepole, huku akizitamka kwa midomo.

Mfuko wa suruali wa muuzaji ukaanza kupiga kelele. Mlio wenyewe ulikuwa sauti yake mwenyewe, amejirekodi: "Mwenye duka pokea! Mwenye duka pokea! Wateja hao!"

Akataka kuuzima bila kuitoa simu, akashindwa. Akaitoa. Ilikuwa simu nene, nyeusi, imevaa raba pembeni kote kama tairi, kona zimechubuka. Macho manne hayakuwepo. Lilikuwepo moja, nalo dogo.

"Haloo," mama akasema kutoka mlangoni, kitochi sikioni. "Hiyo ndiyo ile uliyosema?"

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua chaja alicheka mpaka akashika kaunta. Muuzaji naye, namshukuru, alikuwa na roho nzuri. Alicheka, akateremsha miwani akatutazama vizuri, kama ndiyo kwanza tumeingia.

"Mama umenikamata," alisema. "Hii ninayo mwaka wa tatu. Imeanguka kwenye pikipiki nikienda Vwawa, imelala kwenye ndoo ya maji, mwanangu mdogo kaitumia kupondea karanga. Lakini watu hawaitaki. Wanasema ni mbaya."

"Iangushe," mama akasema.

"Nini?"

"Iangushe tuone. Si yako?"

Nilimwonea huruma, lakini na mimi nilitaka kuona. Akainyanyua hadi usawa wa kifua, akaiachia. Ikagonga sakafu ya saruji, ikaruka, ikaingia chini ya kabati. Tukainama wote watatu pamoja na mteja wa chaja kuitafuta. Hakuna aliyeiona mpaka mama alipobonyeza tena kitochi chake, na huko gizani tukasikia: "Mwenye duka pokea! Wateja hao!"

"Unayo nyingine kama hiyo?" nikauliza, nikiwa bado nimepiga magoti.

Alikuwa nayo moja, chini kabisa ya rafu, boksi limejaa vumbi. Bei yake ilikuwa nusu ya ile ya macho manne, na mama aliipunguza tena kwa kumkumbusha muuzaji habari ya chuma. Safari hii sikufanya makosa: kabla ya kutoa hela nilimwambia aweke laini yangu mpya ndani, nikampigia mama, nikaongea naye tukiwa tumesimama hatua mbili, tukasikilizana vizuri kabisa. Nikakagua chaji, nikawasha tochi, nikaomba risiti yenye muhuri wa dhamana.

Nilipokuwa naikunja risiti, nikamwambia kwa majivuno, "Sasa hivi Zambia wataniona kwa macho tu. Ile ya zamani ilikuwa inahamia huko kila siku."

"Kumbe?" akasema. "Hata hii itahamia, kama hujaizuia. Lete."

Akaingia kwenye mipangilio, akagusa hapa, akagusa pale. "Simu inajichagulia mtandao wenye nguvu. Hapa unaiambia isijichagulie, unachagua wewe. Basi. Haivuki tena."

"Na ile ya zamani," nikauliza taratibu, "ingeweza kufanyiwa hivyo?"

"Simu yoyote, dada. Ni dakika moja."

Sikumtazama mama. Nilisikia pumzi zake. Nilikuwa nimehama kampuni, nimetoa vidole kumi hadharani, nimenunua simu nyingine, kumbe dawa ilikuwa dakika moja, tena ya bure.

Tulitoka dukani kwa heshima zetu zote. Nilimshikia mkoba. Tulivuka barabara tukipenya kwenye foleni ya malori, tukafika nyuma ya lori moja lililosimama, na hapo mama akajiegemeza kwenye tairi akacheka mpaka kilemba kikafunguka. Mimi niligoma kucheka kwa muda. Halafu nikakumbuka sura yake akimwambia wakala achukue kidole chake, nikashindwa.

"Mume wako asijue," alisema akijifuta machozi.

"Ni mtoto wako, mama."

"Ndiyo maana namjua. Atatusimulia kwa watu mpaka Krismasi."

Nyumbani mume wangu aliipokea simu, akaipima mkononi, akauliza kama dukani walikosa simu wakatupa tofali. Mama akamjibu kwa sauti ya kanisani kwamba tumechagua kwa uangalifu mkubwa. Ulikuwa ukweli mtupu, kwa hiyo sikuona dhambi kuitikia.

Wiki mbili baadaye mama alirudi Hasamba, na mume wangu akapata safari ya Ibaba kununua maharage na jirani yake. Huko milimani mvua ilikuwa inanyesha, na simu yake nzuri haipendi unyevu. Asubuhi ya safari alizunguka chumbani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mwishowe akaomba tubadilishane, kwa siku nne tu. Nikakubali.

Alirudi siku ya nne, matope mpaka magotini. Tofali lilikuwa mfukoni, lina matope pia, na chaji bado ipo. Alisema lilianguka kwenye mtaro wa maji, lilikaliwa na gunia la maharage, na usiku walilitumia kama taa. Aliyasimulia yote hayo kama mtu anayemsifia ng'ombe. Akanirudishia, akachukua simu yake, kisha akakohoa.

"Nilikuwa nafikiria," akasema. "Hii yangu ina kamera nzuri. Wewe ungeweza kupiga picha za nguo, ukawaonyesha wateja. Mimi nihangaike na hili lako."

Nikamwambia jambo kubwa kama hilo siwezi kuliamua peke yangu. Nikampigia mama mbele yake, nikaweka spika, nikaeleza ombi la mwanaye neno kwa neno.

 Upande wa pili nilisikia kuku.

"Mwambie kwanza aiangushe yake," mama akasema. "Kutoka usawa wa kifua. Ikiwaka, tutaongea."

Mume wangu aliitazama simu yake, akaitazama sakafu, akaitia simu mfukoni akaenda kuoga.