Fundi Aliyemsemea Kiganja

Nina duka la muvi Mbinga mjini, la aina ile ambayo watu huita laibrari ingawa halina kitabu hata kimoja. Mteja analeta flashi, ninamwekea anachotaka, anaondoka. Kazi hii imenifundisha tabia za mashabiki. Wapenzi wa tamthilia ni watu wema, wanachukua vipande vyao wanakwenda zao. Wapenzi wa ngumi hawana maneno mengi. Lakini hawa mashabiki wa mashujaa wenye nguo za kubana, Mungu aniepushe nao. Hawaji kununua, wanakuja kubishana. Wanaegemea kaunta yangu kuanzia saa nane mchana, simu mkononi, wakiulizana ni Kiganja yupi aliye halali: wa muvi za zamani, wa muvi za kati, yule wa katuni, au huyu mpya ambaye, wanasema, ni yule yule wa zamani ila ametokea dunia nyingine. Ni vijana wazima. Wengine wana ndevu.

Kiganja ni shujaa wa muvi za Kizungu. Anavaa nguo ya rangi ya chungwa toka shingoni hadi vidoleni, na akinyoosha mkono, kila kinachokwenda kinasimama: gari, risasi, hata maji ya mto. Jina lake la Kiingereza ni refu na la kujivuna. Sisi tuliokulia Mbamba Bay tulimwita Kiganja, na jina hilo lilipanda mlima mpaka Mbinga bila kuombwa na mtu.

Kiongozi wa wabishi wangu ni kijana aliyemaliza chuo, anasubiri ajira. Ana fulana yenye picha ya ule mkono, na sijawahi kumwona na nguo nyingine. Siku moja aliniuliza, kwa sauti ya mwalimu anayemtega mwanafunzi mzito:

"Dada, kwa mtazamo wako, enzi ipi ilikuwa tamu zaidi kuwa shabiki wa Kiganja?"

"Enzi ambayo hakuna aliyejua anasema nini," nikamjibu.

Walicheka wote. Ningenyamaza hapo ningekuwa nimefanya jambo la maana. Badala yake nikawasimulia habari za fundi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Karibu na soko la Mbamba Bay kulikuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea muvi, mabati pande zote, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, luninga moja yenye kisogo kikubwa, na jenereta iliyonguruma nje kama inadai talaka. Jumamosi mchana ndani mle uliweza kuokea mkate. Mama yangu, mwanamke wa Liuli aliyekuzwa kwa kengele za kanisa la misheni, aliamini kwamba kibandani watu hufundishwa kuvuta bangi. Kwa hiyo nilimwambia nakwenda mazoezi ya kwaya. Nilikwenda na binti wa mama yangu mkubwa, ambaye nililala naye kitanda kimoja na kudanganya naye pamoja.

Muvi zilikuwa za Kiingereza, na mtafsiri alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye stuli kando ya luninga, mgongo wake nusu umeelekea picha, uso umetuelekea sisi, kipaza sauti mkononi na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hakuwa mtu mpole. Alitudharau mchana kweupe.

"Nyamazeni, wala usipa nyie!" alitufokea, kana kwamba yeye hakula usipa, dagaa wale wa ziwani ambao mji mzima ulikula mchana na kurudia jioni.

Fundi alimdharau na Kiganja vile vile. "Mwoneni huyu. Suruali ameshonewa mwilini. Akibanwa na haja anafanyaje? Na hapo kwapani mshono umevutana. Fundi wake nisingempa hata gunia alishone."

Katika mdomo wa fundi, Kiganja alikuwa mtu wa milimani aliyeteremka kwa miguu toka Kingerikiti kutafuta mke ziwani, na hakujua kuogelea. Adui yake, mzungu mwenye upara, alikuwa mwenye mitumbwi. "Anamwambia, nyie watu wa milimani mnajidai kwa sababu ya kahawa. Leo utakunywa maji mpaka uote mapezi." Kibanda kizima kilipiga makofi. Kisha ikafika pale Kiganja na yule mwanamke wanapobusiana dirishani, na nyuma yetu wamekaa watu wazima. Fundi hakubabaika.

"Mwanamke kaingiwa na mdudu jichoni. Anapulizwa."

"Mbona anapulizwa mdomoni?" mtu mmoja akauliza.

"Jicho na mdomo vimepakana. Hukusoma sayansi?"

Muvi za Kiganja zilikuwa mbili tu, na tulizitazama mara nyingi mno, lakini hatukuwahi kuiona hadithi moja mara mbili. Jumamosi hii yule mwanamke alikuwa mchumba, Jumamosi ijayo dada aliyepotea, nyingine mganga aliyekuja kumtoa Kiganja uchawi wa mkono. Wiki ambayo fundi aligombana na mkewe, Kiganja alihangaika muvi nzima akitafuta mtu wa kumpikia, majengo yakaporomoka, magari yakaungua, naye hajala. Tukirudi nyumbani, tukiosha vyombo ufukweni, binti wa mama mkubwa aliapa kwamba Kiganja alizama mwishoni, nami niliapa kwamba alioa. Tulirushiana mchanga. Tulimfikiria wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika naye.

Hawa wa kaunta yangu wanazo muvi zote, na kwa kila muvi wana video ya saa moja inayoeleza muvi ile. Wanajua mwigizaji anakula nini asubuhi. Wanajua mwaka kesho kutatoka nini, na wameshaanza kukichukia. Ukiwauliza Kiganja angefanya nini akijikuta Mbinga msimu wa mvua, gari limekwama kwenye tope, wanakutazama kama umetukana. Jambo hilo, wanasema, halimo.

"Huyo mzee yupo hai?" kijana wa fulana akauliza nilipomaliza kusimulia.

"Yupo. Anashona sare za shule."

"Dada, tuletee! Tumekodi ukumbi Jumamosi, tunaonyesha muvi zote tuamue enzi bora. Aje atutafsirie kama zamani. Tutampa heshima yake."

Niliijua sauti ile. Ni sauti ya mtu aliyepata cha kuchekea. Nilikubali hata hivyo, na sababu yake ni ya aibu: kwa mara ya kwanza walikuwa wananitazama kama mtu mwenye kitu.

Siku mbili kabla ya hiyo Jumamosi nilifunga duka nikateremka Mbamba Bay. Nilimkuta barazani, mbele ya cherehani, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sare au kitenge?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kukanyaga pedali.

"Hao vijana wanalijua jina langu?"

"Wanalijua, baba. Nimewaambia."

"Na ukumbi una viti vyenye mgongo?"

"Vinao."

Akamaliza kwanza mshono wa mfuko. Kisha akasema nimfuate Jumamosi asubuhi, na nisichelewe, maana yeye si mtu wa kusubirishwa.

Jumamosi nilimkuta amevaa koti la kijivu alilolishona mwenyewe, kola imesimama sawasawa. Njia nzima ya kupanda mlima hakuniuliza chochote kuhusu maisha yangu. Alikosoa mapazia ya gari.

Ukumbini walikuwepo vijana kama arobaini, wengi wana fulana zenye ule mkono, mmoja amevaa soksi ya chungwa mkono mzima kama amevunjika. Mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo na akina mama kadhaa wa sokoni waliingia kujikinga, wakakaa nyuma na ndoo zao za parachichi. Kijana wa fulana alimkaribisha fundi kwa maneno marefu, akamwita "hazina yetu", kisha akampa kipaza sauti. Simu zikainuliwa juu zote kwa pamoja.

Muvi ikaanza, ile ya kwanza kabisa. Fundi alikaa pembeni yake vile vile kama zamani, uso kwetu. Sauti imezeeka lakini haijalegea. "Huyu ametoka Kingerikiti tangu alfajiri, viatu vimemla kisigino. Mwenzake anamuuliza, umekula? Anasema, nimekuta ugali umeungua."

"Samahani mzee," kijana akamkata, na kipaza sauti cha pili mkononi. Sikujua kwamba alikuwa nacho. "Hapo anaambiwa dunia nzima inamtegemea. Ugali haumo."

Kicheko kikalipuka. Fundi akaendelea. Baada ya dakika moja: "Samahani mzee, huyo siyo shemeji yake, ni mwanasayansi." Kicheko. "Samahani mzee, kwani Kiingereza unakijua?"

"Sikijui," fundi akajibu, wazi kabisa.

Hapo walicheka mpaka wengine wakapiga viti. Na mimi nilicheka. Haikuwa kwa sababu jambo lile lilinichekesha. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele pamoja na wenye simu, na sikutaka waone kwamba mimi ni wa upande wake. Nilicheka kwa mdomo wazi, kichwa nimekirudisha nyuma, mwanamke wa miaka yangu.

Fundi alingoja mpaka tukamaliza. Kisha akazima kipaza sauti chake, akakiweka juu ya kiti, akaifuta mikono yake kwa leso.

"Haya," akamwambia kijana. "Wewe unayekijua, tafsiri."

Kijana hakuwa na namna. Akasimama, akatafsiri, na ninakiri alitafsiri sawasawa, kwa maana Kiingereza chake ni kizuri. "Anasema, unajua lazima nifanye hivi. Mwanamke anasema, najua. Anasema, huenda nisirudi. Anasema, najua. Anasema, uwezo huu si wangu, ni wa watu wote. Mwanamke anasema, siku zote nilijua."

"Wote wanajua," akasema mama mmoja wa parachichi kule nyuma. "Sasa wanaambiana nini?"

Kijana akaendelea. Robo saa ilipita. Wenye fulana, ambao sentensi zile wanazijua kwa moyo, walianza kuchezea simu zao. Mama wa parachichi akapaza sauti: "Mrudishieni babu! Nataka kujua kama amekula!" Wenzake wakamuunga mkono, ukumbi ukaanza kupiga makofi ya kumwita. Kijana, jasho linamtoka, akainama kwa fundi.

"Mzee, malizia basi."

"Simalizii," akasema fundi. "Nina safari." Akavuta koti lake chini likae vizuri, akatoka nje kwenye manyunyu. Nikamfuata.

Stendi tulikaa kwenye benchi tukisubiri gari lijae. Nilimnunulia chai, akainywa bila kunishukuru.

"Nilikuona," akasema.

"Baba, nisamehe."

"Ulikuwa unakuja na mwenzako, mrefu kidogo. Ulikuwa unamtazama yeye kwanza. Akicheka, ndipo unacheka. Sikuwahi kukuona ukianza."

Nilikuwa nimeamini kwamba hanikumbuki kabisa. Kwa miaka yote ile tulidhani anatukodolea macho kwa kutuchukia, kumbe alikuwa anatusoma, kila mmoja wetu, aone neno lipi linashika na lipi linaanguka.  Nikamuuliza swali la kitoto.

"Baba, wewe mwenyewe Kiganja ulimpenda?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mtu kazi yake kusimamisha vitu? Nimpendee nini? Cherehani yangu ikisimama nalala njaa." Akarudisha kikombe. "Muvi zile zilikuwa mbovu. Mimi nisingeongea, mngelala."

Gari likaondoka naye. Hakupunga mkono.

Jumatatu kijana wa fulana alikuja dukani amechangamka, akanionyesha video inayozunguka kwenye makundi yao. Ni kipande kile cha "sikijui", na baada yake vicheko, na katikati ya vicheko niko mimi, meno yote nje. "Dada, umetokea vizuri!" akasema. Nikamuuliza kama alirekodi na pale alipotafsiri yeye. Akauliza, pale wapi? Nikamwambia aiondoe mikono yake kwenye kaunta yangu, nataka kufuta vumbi. Kesho yake alirudi na wenzake, wakaendelea na ubishi walipouachia. Enzi bora hawajaipata mpaka leo.

Binti wa mama mkubwa, ambaye sasa ni muuguzi na anaishi Songea, aliiona video ile akanipigia simu. Akauliza, "Yule ni fundi wetu?" Nikasema ndiye. "Na wewe ndiye unayecheka?" Nikasema ndiyo. Akasema ana zamu, akakata.

Mwezi uliofuata nilinunua kitenge nikateremka tena Mbamba Bay. Nilitaka kuomba radhi kwa namna ambayo mtu huyu angeielewa. Nilimwamkia, akaitika. Hakuuliza habari za Mbinga. Alisimama, akachukua tepu.

"Mteja, nyoosha mikono."

Alinipima mabega, kifua, kiuno, akaandika kwa chaki juu ya ubao wa meza. Nilianza kusema neno kuhusu siku ile. Akaniambia nisiongee, kifua kinapanda, vipimo vinaharibika. Nikasimama hivyo, mikono imenyooka, mpaka alipomaliza.

Nguo nilitumiwa kwa dereva baada ya wiki mbili, imekunjwa ndani ya gazeti. Imenikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyonayo. Makwapani hakuna palipovutana.