Mkono Usiofika Sikioni

Juzi niliona gamba tupu la kereng'ende kwenye jani la mpunga, nikacheka peke yangu.

Gamba kama hilo alinionyesha dada Somoe mchana mmoja, bondeni Naliendele. "Huyu hukua akiwa majini," alisema. "Akishaota mabawa, haongezeki tena."

Alisema kweli, ila mimi nilidhani maji ndiyo dawa ya kukua. Jioni ile mama alikuwa anipeleke kuandikishwa darasa la kwanza, na mkono wangu, nikiupitisha juu ya kichwa, haukufika sikio la pili kama shule ilivyotaka. Nikajitumbukiza dimbwini, tope likininukia puani, vyura wakinipigia kelele, nikasubiri urefuke.

Shuleni, mwalimu aliuvuta mkono uliolowa, akatikisa kichwa. "Huyu mwakani."

"Mwalimu," nililia, "naomba nirudi majini kidogo tu."