Beseni la Mama Kavira

Mimi ninayemdharau kila anayeamini bila kuuliza nilikaa wiki nzima nikimshawishi Mama Kavira aonyeshe mguu wake wenye matende mbele ya watu wa mtaa wa Mabanga, kwenye mkutano wa afya. "Hauambukizi kwa kugusana, mama. Wanaouogopa ni wajinga tu."

Siku ya mkutano nikakuta beseni la maji na sabuni mlangoni mwa ukumbi. Hapa Goma, tangu Ebola, hatuingii mahali bila kunawa. Nikanawa mikono, nikanawa na uso, huku nikiwakaripia waliopita hivi hivi.

"Mutoto wangu," akasema Mama Kavira, "humo nimetoka kuosha mguu."

Niliruka nyuma, nikajisugua uso kwa shati mpaka ukawaka. Ukumbi mzima ulikuwa ukinitazama.

"Endelea kuwafundisha, muwalimu," akasema, akishusha kitenge mpaka chini.